Ukiuziwa chuma cha zamani porini Kondoa, usinunue

Vikundi ninavyoongoza kutoka Dodoma mjini kwenda Kolo kuona michoro ya miambani huniuliza maswali yaleyale: nyoka wapo? Fisi je? Bomu halimjii mtu akilini, na simlaumu.

Ila vita vilipita huku. Aprili 1916 kikosi cha van Deventer, upande wa Waingereza, kiliiteka Kondoa Irangi. Mei, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akaja kuishambulia kwa askari na mizinga. Kongwa nayo, kuanzia 1964, ilikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Sisemi kila kichaka kina kombora. Nasema palipopigwa mizinga hapakosi mabaki, na udongo wa Kondoa hautunzi siri: mmomonyoko wake ndio uliofanya serikali ianzishe mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973. Mvua ikinyesha sawasawa usiku mmoja, asubuhi korongo limekula ukingo na kilichozikwa kiko juu.

Safari moja tulikuwa tunabandika chai, akatokea kijana mchunga mbuzi, kitu kakizungushia shuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nimesikia wageni mnanunua vitu vya zamani."

Akafunua. Chuma chenye kutu, kinene kama mkono wa mtu mzima, kimechongoka mbele. Karibu na kitako kilizungukwa na mkanda wa shaba uliogeuka kijani, isipokuwa sehemu moja iliyong'aa. Alikuwa ameikwangua kwa kisu ili tuamini ni shaba kweli.

Kombora ambalo halikulipuka halipoi kwa uzee. Kutu hula vile vidude vinavyozuia kiwashio kufanya kazi, na baadhi ya baruti za enzi zile zikikaa na chuma miaka mingi hutengeneza chumvi zinazoweza kulipuka kwa msuguano tu. Yule kijana alikuwa amekwangua, amebeba, ametembea nacho.

Nilimwambia kwa sauti ya kawaida akiweke chini polepole pale pale aliposimama, kisha aje kwetu. Usipige kelele, mtu akishtuka huachia. Moto tukauacha, tukaondoka kwa njia tuliyojia, na mmoja wetu akapanda bodaboda kwenda kwa mtendaji wa kijiji. Polisi walikuja, nao wakawaita wanajeshi.

Mwenzetu mmoja alishauri tukipakie kwenye gari tukipeleke kituoni, tuwarahisishie kazi. Nia njema kabisa, na ushauri mbaya kuliko wote niliowahi kusikia porini. Wataalamu ndio wanaokifuata kilipo. Wewe unapeleka taarifa tu. Pakumbuke mahali, funga kitambaa kwenye mti ulio mbali nacho, usichomeke kijiti ardhini. Simu piga ukishatoka eneo hilo.

Na hili la kununua tuliache kabisa. Ukitoa elfu tano kwa ganda la risasi leo, kesho watoto watatu watakuwa korongoni wanachimbua. Wanunuzi wa chuma chakavu tayari wanatosha kuwatia tamaa. Novemba 2017 kule Ngara, wanafunzi wa Shule ya Msingi Kihinga walikufa baada ya mwenzao kufika shuleni na bomu la kutupwa kwa mkono akidhani ni chuma cha kuuza. Vita havikuwa vya kijiji chao.

Kuhusu kambi: usiwashe moto ndani ya shimo la zamani au handaki, hata kama linakinga upepo vizuri, maana joto hufika chini kuliko unavyodhani. Ukikuta bango la eneo la jeshi, zunguka, hata kama ramani ya simu inaonyesha njia ya mkato.

Namba ya dharura ni 112. Mtandao ukigoma, na huku hugoma sana, mtafute mwenyekiti wa kitongoji; yeye hakosi namba ya polisi kata.