Yerusalemu ilipotolewa bila vita

Mhariri, salaam.

Toleo lililopita mliwauliza wasomaji: Vita vya Msalaba vilikuwa vita vya dini au vita vya mali? Nimesoma majibu mliyoyachapa. Ustadhi kaandika mali. Katekista kaandika mali. Mwalimu mstaafu kaongeza na siasa, lakini naye mwisho karudi palepale. Ni mara chache ustadhi na katekista kuafikiana katika ukurasa mmoja, na kuafikiana huko ndiko kulikonishikisha kalamu.

Nazungumzia zile vita za karne ya kumi na moja hadi ya kumi na tatu, Wakristo wa Ulaya walipokwenda Mashariki kupigana na Waislamu kugombea Yerusalemu. Nianze kwa kusema kwamba na mimi nipo upande wa mali. Ushahidi upo, tena mzito. Chukua msafara wa nne wa vita hivyo. Wapiganaji walikusanyika Venice, mji wa bandari wa Italia, mwaka 1202 wakiwa wachache mno kuliko walivyoahidi, huku merikebu walizoagiza zimeshaundwa kwa bei ya marki 85,000 za fedha. Hela haikutimia. Wenye merikebu wakawaambia deni litasubiri, kwanza tusaidieni kuuteka mji wa Zara. Zara ulikuwa mji wa Wakristo, na Papa Innocent III alikuwa amekataza usiguswe. Wakauteka hivyohivyo, misalaba imeshonwa mabegani mwao. Aprili 1204 jeshi lilelile liliingia Constantinople, mji mkuu wa Wakristo wa Mashariki, likapora hata makanisa. Farasi wanne wa shaba waliotolewa kule walipelekwa kupamba Kanisa la Mtakatifu Marko, Venice. Yerusalemu waliyoapa kuikomboa, wengi wao hawakuiona kamwe.

Upande wa Waislamu nako haikuwa dini tupu. Watawala wa Dameski waliwahi kupatana na mfalme Mkristo wa Yerusalemu dhidi ya Zengi, bwana wa Mosul na Aleppo, Mwislamu mwenzao. Halafu mwaka 1148 Wafaranji, ndio hao wapiganaji Wakristo kutoka Ulaya, wakageuka kuuzingira mji huohuo wa Dameski uliokuwa mwenza wao. Mtu akiniambia hapo kuna dini, namwomba anionyeshe ilipo.

Ningeishia hapo swali lenu lingekuwa limejibiwa. Tatizo ni kwamba hoja hizi niliwahi kuzitoa mbele ya watu, nikapigiwa makofi, na kuna mtu mmoja alisimama baada yangu ambaye sijamaliza kumjibu.

Nilisoma kidato cha tano na sita katika shule ya bweni ya wasichana mkoani Tanga, miaka ile ya mihadhara ya dini. Wa rika langu hawahitaji maelezo. Kanda zilikuwa zinapigwa kila kona, Biblia na Kurani zinafunuliwa uwanjani mtu anamsuta mwenzake kwa kitabu cha mwenzake, na mwaka 1993 mabucha ya nguruwe yakavunjwa Dar es Salaam. Kwetu Muheza, sisi Wabondei, ukoo mmoja una Waanglikana na Waislamu. Idi na Krismasi ni sufuria moja, na msiba ukitokea unajua tu leo ni zamu ya shehe au ya padri. Kufika bwenini na kukuta wasichana wanachaguana mezani kwa dini kuliniuma, na naandika leo kwa sababu kunaniuma bado.

Katikati ya hali hiyo chama cha mdahalo kikabandika mada ubaoni: "Vita vya Msalaba vilipiganwa kwa ajili ya mali, si dini." Mwalimu mlezi nadhani alitarajia tugawanyike, Waislamu huku na Wakristo kule. Haikuwa hivyo. Upande wa kuunga mkono ulijaa siku ileile, wa dini zote mbili. Upande wa kupinga ukabaki mtupu. Nani asimame mbele ya shule nzima aseme ni dini iliyoua watu? Mkristo akisema hivyo amelishtaki Kanisa. Mwislamu akisema hivyo ataulizwa na jihadi ya Sultani Salahuddin je. Mali ilikuwa pango ambamo sote tuliweza kujificha pamoja, na ilikuwa mara ya kwanza muhula ule kuona wasichana wa pande zote wanakaa benchi moja kuandaa hoja.

Aliyejiandikisha kupinga alikuwa msichana wa kidato cha sita, mtu wa Pangani, mpole, hata jina lake wengi hawakulijua. Nilikuja kusikia kwamba babu yake alikuwa mwanachuoni mwenye makabati ya vitabu vya Kiarabu, na kwamba likizo zake alizimalizia kwa babu huyo, akisomewa.

Ilikuwa Jumamosi usiku bwaloni. Meza zimesukumwa ukutani, harufu ya maharage haijatoka, umeme umekatika kwa hiyo karabai mbili zinavuma, moja mbele kwa mwenyekiti na moja katikati. Mimi nilikuwa msemaji wa pili wa kuunga mkono. Nilizungumza Venice, nikazungumza marki 85,000, na nilipofika kwenye farasi wa shaba bwalo zima likapiga miguu sakafuni. Nikakaa nikijua tumeshinda.

Yule wa Pangani alikuja mbele bila karatasi. Tulikuwa tumejiandaa kwa Julai 1099, Wafaranji walipoingia Yerusalemu na kuwachinja Waislamu na Wayahudi. Tulikuwa tumejiandaa kwa Oktoba 1187, Salahuddin alipoutwaa tena akawaacha watu watoke kwa kujikomboa, dinari kumi mwanamume, tano mwanamke. Yote hayo hakuyagusa. Aliuliza kama kuna anayejua nini kilitokea mwaka 1229. Kimya. Hata mwalimu mlezi aliinamia daftari lake.

Akatueleza. Misri ilikuwa chini ya Sultani al-Kamil, mtoto wa ndugu yake Salahuddin. Ulaya kulikuwa na Kaisari Frederick II, aliyekulia Sicily, kisiwa ambacho Kiarabu kilikuwa bado kinasemwa. Kaisari alikuwa ameapa kwenda vitani, akaahirisha na kuahirisha. Mwaka 1227 akaondoka, akaugua njiani, akarudi, na Papa Gregory IX akamtenga na Kanisa kwa kosa hilo. Mwaka uliofuata akaenda hivyohivyo, mtu aliyetengwa akiongoza vita vitakatifu, jeshi lenyewe dogo. Al-Kamil naye alikuwa amegombana na ndugu yake aliyetawala Dameski, na ndiye aliyeanza kumtumia Kaisari ujumbe, kupitia amiri Fakhr al-Din, kutafuta msaada. Ndugu huyo akafa kabla Kaisari hajafika. Basi wakabaki watu wawili, kila mmoja na matatizo nyumbani kwake, wanaandikiana barua miezi na miezi. Februari 1229 wakapatana. Wakristo wapewe Yerusalemu, na Bethlehemu, na Nazareti, na njia ya kwenda pwani. Waislamu wabaki na Haram yote, uwanja wao mtakatifu, Msikiti wa Al-Aqsa na Kuba la Mwamba, na waendelee kusali humo. Silaha ziwekwe chini kwa miaka kumi na ushee. Mji uliokuwa umeua maelfu ukabadilisha mikono bila panga kuchomolewa.

Hapo akanyamaza kidogo, akamgeukia mwenyekiti. Mheshimiwa mwenyekiti, akasema, kama vita hivi ni vya mali, hapa nani hakupata? Wenye merikebu wana bandari. Mahujaji wana njia. Kaisari ana mji. Sultani ana amani ya kushughulika na jamaa zake. Basi tungesikia vigelegele. Je, mmesikia?

Mmoja wetu akasimama: "Taarifa!" Mwenyekiti akamkatalia. Namshukuru hadi leo.

Akaendelea. Kaisari aliingia Yerusalemu Machi 17, na kesho yake akajivika taji ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu, kwa kuwa hapakuwa na askofu wa kumvika mtu aliyetengwa. Siku iliyofuata ikafika amri ya Patriaki Gerold, mkuu wa Kanisa la Yerusalemu: ibada zisimame katika mji ule mtakatifu. Mji uliokuwa ukililiwa kwa zaidi ya miaka arobaini ukapigwa marufuku ya ibada na Patriaki wake mwenyewe! Mei, Kaisari alipokuwa anateremka bandarini Akka kurudi kwao, alipita mtaa wa wachinjaji. Wakristo wenzake wakamrushia matumbo ya wanyama.

Na upande wa pili? Waislamu wengi walitoka Yerusalemu wakilia. Maimamu na waadhini wa mji walikwenda hadi hemani kwa al-Kamil, wakaadhini mlangoni pake saa isiyo ya sala yoyote. Aliposema hivyo bwalo liliguna, kwa sababu kila msichana wa pwani, hata Mkristo, anajua maana ya adhana inayolia saa isiyo yake. Sultani akakasirika, akawafukuza. Dameski, kwenye msikiti mkuu wa Banu Umayya, mhubiri Sibt ibn al-Jawzi akapanda mimbari kuomboleza, na watu wakaangua kilio.

La mwisho alilosimulia ndilo nililolala nalo usiku ule. Kaisari alipolala Yerusalemu, kadhi wa Nablus, aliyepewa kazi ya kumpokea, aliwaagiza waadhini wasiadhini usiku ule, wasije wakamwudhi mgeni. Asubuhi Kaisari akauliza mbona hakusikia kitu. Kadhi akamweleza kwamba ilikuwa heshima kwake. Kaisari akamwambia amekosea, kwa maana alilala pale hasa kwa kutaka kuisikia adhana yao ya usiku.

Akashukuru, akakaa. Kura zilipohesabiwa alishindwa vibaya. Wiki iliyofuata viongozi wa wanafunzi wa Kiislamu walimwita, na wa Kikristo wakamwita kivyao, wote wakitaka kujua nani kamtuma kuichafua dini. Kwa muda mrefu alikula peke yake. Sisi tulioshinda tulirudi kwenye meza zetu, huku na kule, kama zamani.

Sasa nimjibu, kwa kuwa usiku ule hatukumjibu. Majibu yapo. Wakuu wa Hekalu, wale watawa wapiganaji, walikasirika kwa sababu makao yao makuu ya zamani yalikuwa ndani ya Al-Aqsa, na mapatano yaliyaacha kwa Waislamu: hiyo ni mali. Mji ulitolewa bila ngome na ardhi za kutosha kuulinda, na kweli mwaka 1244 uliangukia mikononi mwa askari wa Khwarizmi, Waislamu kutoka Asia ya Kati: hiyo ni hesabu ya kijeshi. Patriaki na Papa walikuwa na ugomvi wao na Kaisari juu ya nani mkubwa. Na yule mhubiri wa Dameski aliombwa ahubiri na mtawala wa mji, mpwa wa al-Kamil, ambaye wakati huo alitaka watu wamchukie ami yake. Siasa, siasa, siasa. Naweza kujaza ukurasa.

Lakini kila nikimaliza kuhesabu wakubwa, wanabaki wadogo. Muadhini aliyesimama mlangoni mwa hema la Sultani alitarajia kulipwa nini? Wale waliolia msikitini, ni wangapi walikuwa na shamba Yerusalemu? Nikirudi nyuma hadi 1099, Wafaranji walioizunguka Yerusalemu kwa miguu mitupu Julai 8, wiki moja kabla ya kuuvamia mji, wakifunga na kuimba huku walinzi wa juu ya ukuta wakiwacheka, walikuwa wanatafuta dhahabu? Wengi wao walikuwa wameuza au kuweka rehani walichokuwa nacho ili wafike pale. Papa Urban II aliposimama Clermont mwaka 1095 aliwaahidi kwamba safari hiyo itahesabiwa kuwa toba yao kamili. Waliamini. Watu walewale waliotembea pekupeku wakisali ndio waliochinja wiki iliyofuata, na sina njia ya kuitenga sala yao na upanga wao.

Kwa hiyo nabadilisha jibu nililoanza nalo. Andikeni: dini. Nina masharti, na naomba yachapwe pamoja na jibu. La kwanza, msafara wa nne nauacha kwenye mali, hapo sitoki. La pili, nikisema dini nasema dini kama ilivyokuwa mioyoni mwa watu wale, karne zile. Kama Injili au Kurani inawapa haki, hilo ni la wenye elimu kuliko mimi. La tatu, al-Kamil na Frederick sidai walikuwa watakatifu. Walipatana kwa sababu kila mmoja alikuwa na haja yake, na pengine tamaa yao ndiyo iliyookoa watu miaka ile, jambo ambalo linaiumbua hoja yangu ya kwanza kuliko chochote alichosema yule wa Pangani.

Na kwa ustadhi na katekista walioandika mali: nawaheshimu, na najua kwa nini wameandika hivyo, nami nilikaa nao benchi hilo. Ila kabla ya toleo lijalo naomba kila mmoja anijibu kwa upande wake. Katekista anieleze Patriaki Gerold aliingiza shilingi ngapi kwa kufunga ibada Yerusalemu. Ustadhi anieleze waadhini walioadhini mbele ya hema walikuwa wanadai nini kinachoweza kupimwa kwenye mizani.

Msomaji, Muheza