"In", "on" au "at"?

Swali: Shangazi, niko mapokezi katikati ya jiji. Jana nilimwandikia mteja "at Monday", bosi akanicheka mbele ya watu. Nilikosea wapi? – Msomaji, Kayole

Jibu: Pole, mwanangu, hata mimi nilichekwa. Sisi husema "njoo Jumatatu" basi. Kiingereza kinadai "on Monday". Saa tisa alasiri ni "at 3 p.m.", mwezi ni "in June". Kwetu -ni moja hubeba yote: mjini, barabarani, kituoni. Wao: "in Nairobi", "on Moi Avenue", "at Kencom". Kinachoniudhi ni usiku: asubuhi "in the morning", usiku "at night". Usitafute sababu, kariri. Na teksi ni "in", basi ni "on", hata ukining'inia mlangoni.