Maswali ya Wasomaji: Karatasi ya Ukutani ya Rangi Iliyokolea Jikoni

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Tanga. Tumemaliza kujenga nyumba yetu, nami ninatamani kupamba ukuta wa jikoni kwa karatasi ya buluu iliyokolea yenye majani makubwa, kama niliyoiona dukani Dar es Salaam. Jiko letu lina upana wa mita 3 na urefu wa mita 3.6, dari iko mita 2.7 kutoka sakafuni, na dirisha ni moja tu, linalotazama uani. Tunapikia gesi. Mama mkwe wangu anasema jiko jeusi ni jiko la masizi, na kwamba tunarudi kwenye meko ya kuni kwa hiari yetu. Je, karatasi hiyo itadumu, na je, jiko halitakuwa na giza?
Msomaji, Tanga

JIBU: Dada, salamu zako zimefika, na hongereni kwa nyumba mpya. Jibu langu ni ndiyo, lakini kwa ukuta mmoja tu, na hata huo mmoja ni baada ya kuhakikisha kwamba umekauka. Watu wengi huanza na rangi. Kwa nyumba ya pwani, mimi ninaona ni lazima tuanze na unyevu.

Karatasi nyingi zinazofaa jikoni zimefunikwa kwa tabaka la plastiki, yaani vinaili, na tabaka hilo ndilo linalokuwezesha kupangusa mafuta kwa kitambaa. Plastiki hiyo inayozuia maji ya nje yasiingie huzuia pia unyevu wa ndani ya ukuta usitoke. Kuta za zamani za mwambao, za mawe ya matumbawe na chokaa, ziliachiwa nafasi ya kupumua. Nyumba mpya ya matofali ya saruji, kwa upande wake, huwa bado inatoa maji yaliyochanganywa kwenye lipu kwa wiki nyingi baada ya fundi kuondoka, na mvua za masika huchelewesha ukaukaji huo. Ukibandika vinaili juu ya ukuta wa namna hiyo, unyevu hujikusanya nyuma yake, gundi hulainika, na kuvu hustawi mahali usipopaona mpaka uanze kusikia harufu yake.

Kuna kipimo rahisi ambacho ninakusihi usikiruke. Kata kipande cha nailoni nzito chenye upana wa nusu mita kila upande, kibandike ukutani kwa selotepu kingo zote nne pasibaki upenyo, kisha kiache kwa siku mbili. Ukikuta matone upande unaogusa ukuta, ukuta haujakauka, na huna budi kusubiri. Matone yakiwa upande wa chumbani, maji hayo yametoka kwenye hewa ya jiko lenyewe, na dawa yake ni kuacha dirisha wazi wakati wa kupika au kuweka feni ya kutoa mvuke nje. Weka kipande kingine chini karibu na sakafu, kwa sababu unyevu unaopanda kutoka ardhini huanzia huko. Endapo utaona unga mweupe wa chumvi ukitoka kwenye lipu, mwite kwanza fundi aliyejenga. Fundi wa karatasi atasubiri.

Nyuma ya jiko la gesi na karo la kuoshea vyombo weka marumaru, wala usikubali ushauri mwingine. Mafuta ya kukaangia samaki hupanda pamoja na mvuke, kisha hutua ukutani kama utando mwembamba unaonata, na vumbi hushika juu yake. Kwenye ukuta mweupe utando huo hugeuka manjano. Kwenye buluu iliyokolea huonekana kama mabaka yanayong'aa pale taa inapoupiga ukuta kwa upande. Kwa hiyo hata ukuta ulio mbali na moto unahitaji karatasi inayooshwa. Tazama alama kwenye lebo: wimbi moja maana yake ni kupangusa tu kwa sponji yenye unyevu, mawili ni kuosha, matatu ni kuosha zaidi, na picha ya brashi huonyesha kwamba inastahimili kusuguliwa. Kwa jikoni usichukue chini ya mawimbi mawili. Usichague pia karatasi isiyo na mng'ao hata kidogo, kwa kuwa rangi iliyokolea ya aina hiyo huhifadhi kila alama ya kidole chenye unga wa ngano.

Neno la mama mkwe wako ninaliheshimu, na lina hoja ndani yake. Rangi nyeupe hurudisha chumbani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoifikia, ilhali buluu iliyokolea sana hurudisha chini ya asilimia 10. Kuta nne za namna hiyo, katika jiko lenye dirisha moja, zingekulazimisha kuwasha taa mchana. Ukuta mmoja hauleti shida hiyo iwapo dari, makabati na kuta tatu zilizobaki zitakuwa na rangi ya maziwa. Usichague ukuta unaotazamana na dirisha, kwa maana huo ndio unaopokea mwanga na kuusambaza. Chukua wa pembeni. Balbu nazo zina uzito wake: zile za mwanga mweupe mkali, zilizoandikwa 6500K, huifanya buluu ionekane baridi zaidi, wakati za mwanga wa manjano, zilizoandikwa 3000K, huituliza. Omba kipande cha sampuli, kibandike ukutani, mkitazame pamoja na mama asubuhi, mchana na usiku kabla ya kutoa fedha.

Tuseme ukuta wa pembeni ni ule wa mita 3.6. Roli ya kawaida ina upana wa sentimita 53 na urefu wa takriban mita 10, hivyo kwa dari yako utapata vipande vitatu kwa kila roli, nawe unahitaji vipande saba, yaani roli tatu. Hakikisha namba ya toleo ni moja kwenye roli zote, kwani rangi iliyokolea hutofautiana kidogo kati ya toleo na toleo, na tofauti hiyo huonekana ukutani.

Jambo la mwisho ni la fundi, na wengi hulisahau. Karatasi nyingi zenye rangi iliyokolea ni nyeupe kwa ndani, kwa hiyo kwenye maungio hujitokeza mistari myembamba myeupe. Mwambie apake ukuta rangi ya buluu inayokaribiana na karatasi na uachwe ukauke vizuri, ndipo abandike, akigotanisha kingo bila kuzipandanisha. Gundi inayomwagika upande wa juu ipanguswe papo hapo kwa sponji safi, maana ikikauka huacha doa linalong'aa.

SWALI: Mhariri, mimi ni mpangaji Nairobi. Je, ninaweza kubandika karatasi nyeusi yenye gundi yake kwenye milango ya makabati ya jikoni, kisha niitoe nitakapohama?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Unaweza, ndugu, mradi mwenye nyumba ameridhia kwa maandishi. Makabati yaliyopakwa rangi hivi karibuni yaache kwa mwezi mmoja kwanza, la sivyo gundi itang'oa rangi. Futa mafuta yote kwa maji ya sabuni, suuza, kausha, halafu jaribu kipande kidogo upande wa ndani wa mlango kwa wiki moja. Siku ya kuitoa, ipashe joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele na uivute taratibu kuanzia kwenye kona. Milango iliyo jirani na jiko la gesi iache kama ilivyo.