Gitaa la umeme la zamani: soma ndani kabla hujataja bei

Nyinyi mnaoanza kazi ya kutengeneza magitaa hapa Nairobi, nataka niwaambie hili mapema. Kurekebisha mtajifunza tu, mkono utazoea, lakini kuna siku mtu ataingia na gitaa limefungwa kwa leso ama liko kwa kesi imeoza bawaba, aseme hili ni la babangu alikuwa anapiga bendi tangu miaka ya sitini, hebu niambie ni pesa ngapi. Hapo ndio vijana wengi wanaharibu. Wanaangalia jina kwa kichwa, wanaingia kwa simu, wanaona mtu Marekani ameweka lenye jina kama hilo kwa dola elfu ishirini, basi wanataja hiyo, familia inaanza kugombana kabla gitaa halijafunguliwa hata skrubu moja. Ama wanataja elfu kumi na tano na dalali amesimama hapo mlangoni anasikia kila kitu.

Jina la kwa kichwa liweke mwisho. Hiyo ni stika tu, mtu yeyote anaweza kununua na kubandika, na kuna magitaa halali kabisa ambayo jina lilifutika zamani kwa jasho na msasa. Kumbuka pia magitaa yaliyofika huku yalikuwa mchanganyiko. Wakina Fundi Konde walikuwa kati ya Wakenya wa kwanza kushika gitaa la umeme, halafu ikaja twist, ikaja benga, zikaja bendi za Kongo na Tanzania kurekodi hapa mjini, na kila mtu alipiga alichopata. Kwa hivyo usishangae kuletewa Höfner ama Framus ya Ujerumani, Eko ya Italia, Burns ya Uingereza, Teisco ama Guyatone ya Japan. Za Marekani zipo lakini ni chache, na ndizo zinaigwa sana.

Kabla ya kitu chochote piga picha. Mbele, nyuma, kichwa, ubavu, kesi ndani na nje. Usipanguse, usitie polishi, usibadilishe nyuzi ndio lipendeze. Uchafu ulioganda chini ya daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi kwa bodi, na kutu ya skrubu ni ushahidi, zinaonyesha kama hiyo sehemu imewahi kufunguliwa. Halafu legeza nyuzi polepole, chukua bisibisi ya mkono inayoingia sawa kwa kichwa cha skrubu, ile mashine ya kuchimba iache mbali kabisa, na kila skrubu irudi kwa tundu lake. Stratocaster, lile gitaa la kampuni ya Fender ya Marekani, ya miaka ya mwanzo, kuanzia 1954, ile plastiki ya mbele ilishikwa na skrubu 8, kuanzia 1959 zikawa 11, kwa hivyo hata kuhesabu skrubu unajifunza kitu.

Pima urefu wa nyuzi pia. Kutoka kile kimfupa cha juu kinachobeba nyuzi karibu na kichwa mpaka freti ya 12, freti ni vile vyuma vya shingoni, zidisha mara mbili. Ukipata kama milimita 648 hicho ni kipimo cha Fender, Gibson, kampuni nyingine ya Marekani, nyingi ziko karibu 628. Kopi za Japan nyingi zilifuata kipimo hichohicho kwa hivyo hii haikuthibitishii kitu, inakusaidia tu kukataa.

Sasa ndani, na hapa msiharakishe. Kuna mzee wa Kaloleni aliniletea gitaa limepakwa rangi ya kijani ya geti kwa brashi, kijana wake alitaka nilikwangue nipake upya ling'ae ndio wauze. Nikamwambia mzee wangu ngoja kwanza tuangalie. Nikatoa shingo, kwa kisigino chake, pale mahali panakaa ndani ya bodi, kulikuwa na muhuri wa wino umefifia kidogo, 13 JUL 66 B. Hiyo 13 ni namba waliyotumia kwa Stratocaster, JUL 66 ni mwezi na mwaka shingo ilipotengenezwa, B ni upana wa kawaida. Nikafungua plastiki, chini yake ile sehemu geti haikufika kulikuwa na sunburst ya zamani, njano inaingia kwa nyekundu na kwa weusi. Poti, zile sehemu za umeme zilizo chini ya vifundo vya sauti, zilikuwa na namba imegongwa kwa chuma, inaanza na 137, hiyo ni kampuni ya CTS, tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka, mbili za mwisho ni wiki. Yake ilisema 66.

Wengi hapa wangeandika 1966 wafunge kazi. Lakini Fender walinunua poti nyingi sana mwaka huo na wakaendelea kuzitumia, utazikuta kwa gitaa za mpaka 1969. Poti inakwambia tu gitaa haliwezi kuwa la kabla ya hapo kama lehemu haijaguswa. Kwa hivyo nikaangalia na vingine, kichwa kikubwa, ambacho Fender walianza mwisho wa 1965 baada ya CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, kuinunua Fender mwaka huohuo, bamba la nyuma pale shingo inaungana na bodi lenye herufi F na skrubu nne, maana kuanzia 1971 Stratocaster zilishikwa na tatu, na namba ya utambulisho ya gitaa ilikuwa kwa bamba si kwa kichwa, ilihamia kichwani 1976. Vitu vinne vitano vikisema mwaka mmoja, hapo unaweza kuandika. Viwili vikipingana, andika kwamba vinapingana.

Gibson ni kesi nyingine. Namba zao za utambulisho za miaka ya sitini zilirudiwarudiwa, gitaa mbili za miaka tofauti zinaweza kuwa na namba moja, usitoe mwaka kwa namba peke yake. Angalia nyuma ya kichwa, Made in USA iligongwa kuanzia 1970. Ibanez za kiwanda cha FujiGen cha Japan kwa upande mwingine ni rahisi sana, kuanzia katikati ya miaka ya sabini herufi ya kwanza ni mwezi na tarakimu mbili ni mwaka, kwa hivyo F77 ni Juni 1977. Teisco nyingi hazina namba ya kukusaidia, hizo unatambua kwa umbo na swichi.

Turudi kwa bei ya mzee. Bodi na shingo orijino, lakini rangi imefunikwa, vigingi vya kuvutia nyuzi vilibadilishwa vikaacha mashimo mapya kwa kichwa, na pikapu moja, kile kinasa sauti chini ya nyuzi, ilisukwa waya upya. Rangi iliyopakwa upya peke yake huondoa karibu nusu ya thamani ya Fender ya umri huo, na mashimo yanakata tena. Bado zilikuwa pesa nyingi kuliko mzee alivyowaza, na kama ningekwangua ile rangi ningeondoa mpaka mabaki ya sunburst. Kwa hivyo fundi mwenzangu, msasa usiushike.

Bei utoe kwa zilizouzwa, si kwa zinazotakwa. Mtu anaweza kuandika bei yoyote na gitaa likae miaka miwili bila mnunuzi. Tafuta zenye hali kama hiyo zilizouzwa kweli, toa usafiri, bima na kodi, geuza kwa shilingi kwa kiwango cha siku hiyo. Na mteja akitaka kuuza nje, angalia mbao ya freti. Fender na Gibson za mpaka katikati ya miaka ya sitini nyingi zina roziwudi ya Brazil, mti huo uko kwa orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992, bila kibali linaweza kuzuiliwa uwanja wa ndege. Kwetu vibali vya CITES ni vya KWS, shirika la wanyamapori.

Kitu kimoja sitalegeza, ukithamini usinunue. Chukua ada yako ya kuthamini, sema mapema ni ngapi, basi. Wazee wetu wamenunuliwa magitaa kwa bei ya meko na watu walewale waliowaambia hayana thamani, na inaniuma kila nikisikia.

Halafu muandikie karatasi, nini ni orijino, nini kimebadilishwa, bei kutoka hapa mpaka pale, picha zote ziambatane. Muulize alipiga bendi gani na miaka gani, uandike. Kama ana picha ya zamani jukwaani gitaa likionekana inasaidia sana kwa mnunuzi, uipige nakala pande zote mbili, juu studio nyingi za picha zilikuwa zinagonga muhuri wao nyuma.