Kuisikiliza Konseto ya Schumann kwa Sikio la Mwanakwaya

Wanakwaya wenzangu wanaponiuliza waanze na kazi gani ili wauzoee muziki wa piano na okestra, huwatajia Konseto ya Piano katika A maina ya Robert Schumann, wala siwaelekezi kwanza kwa Liszt au Tchaikovsky, ingawa hao wana kishindo kikubwa zaidi. Kwa uzoefu wangu, mtu aliyelelewa kwa solfa (kuimba kwa do, re, mi) anaweza kuufuata wimbo wake mkuu bila kujua kusoma nota za mistari.

Piano hufungua kwa kuporomoka kwa kasi kutoka juu. Usihangaike na mporomoko huo. Subiri obo, ambayo pamoja na ala nyingine za kupuliza hutoa sauti nne: do, ti, la, la. Sitisha rekodi hapo, uziimbe mpaka zikukae kinywani. Kwa majina ya Kijerumani nota hizo ni C, H, A, A, na wengi huziona kuwa ni fumbo la Chiara, yaani Clara, mkewe mtunzi, aliyekuwa mpiga piano mashuhuri. Baadaye, muziki unapotoka ngazi ya maina, yenye huzuni, na kuhamia C meja, yenye uchangamfu, wimbo uleule unarudi kama mi, re, do, do. Kisha mwendo unapoa, nao unakuwa mazungumzo ya upole kati ya piano na klarineti. Hapo ndipo ninapowasihi wasikilizaji wasiikodolee piano peke yake, kwa kuwa mara nyingi inaitikia tu, kama sauti ya pili inavyoiitikia ya kwanza.

Schumann alikusudia hivyo. Mwaka 1839 alimwandikia Clara kwamba hawezi kutunga konseto ya kuwapa mafundi wa piano nafasi ya kujionyesha. Mwaka 1841 alitunga fantasia, yaani kipande chenye umbo huru, ya sehemu moja, ambayo Clara aliijaribu na okestra ya Gewandhaus mjini Leipzig mwezi Agosti, akiwa amebakiza majuma machache ajifungue mtoto wao wa kwanza. Wachapishaji waliikataa. Mwaka 1845 akaongeza sehemu mbili, na tarehe 4 Desemba mwaka huo Clara akaipiga kazi nzima mjini Dresden chini ya kondakta Ferdinand Hiller.

Sehemu ya pili ni fupi. Furahia chelo zinapouchukua wimbo katikati, lakini usiondoke karibu na mwisho wake, kwani ala za kupuliza zinakumbushia zile sauti nne, kwanza kwa meja, halafu kwa maina, na sehemu ya tatu inaingia bila kituo.

Katika sehemu hiyo ya mwisho, gonga meza kwa mapigo matatu. Utafika mahali ambapo okestra inakazia kila pigo la pili, ukadhani mwendo umepungua nusu nzima. Usibadilishe kugonga kwako, endelea kuhesabu, nawe utasikia mahesabu mawili yakipishana (binafsi naona raha ya sehemu hii yote imejificha hapo).

Kwa rekodi, mimi huanzia kwa ile ya mpiga piano Dinu Lipatti na kondakta Herbert von Karajan, ya mwaka 1948. Mlio wake ni wa kizamani, lakini Lipatti anaiachia obo nafasi yake.