Mnauliza, Najibu: Jumba la Kenwood na Daraja Lisilovukika

Wiki mbili zilizopita niligusia bustani ya Kenwood hapa London, mistari michache tu, na barua zikamiminika. Kwa aliyepitwa: Kenwood ni jumba jeupe la karne ya 18 lililo kaskazini mwa jiji, pembeni mwa viwanja vya Hampstead Heath. Zamani lilikuwa makazi ya shambani ya wakubwa. Tangu miaka ya 1920 jumba na bustani yake ni mali ya umma.

Shikamoo mama. Nakuja London mwezi wa nane kwa dada yangu, nina watoto wawili na hela ya kuhesabu. Kiingilio ni kiasi gani? (Mama wawili, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Hakuna kiingilio. Bustani bure, na jumba nalo bure, pamoja na picha za wachoraji wa Kiholanzi, Rembrandt na Vermeer, zilizomo ndani. Panda basi namba 210 kutoka Archway au Golders Green, litakushusha karibu na geti. Mkahawa upo, lakini ukigeuza bei zake kuwa shilingi utapata kizunguzungu. Fungeni chapati na chupa ya chai, mkakae kwenye majani yanayoteremkia bwawani. Kandambili ziacheni kwa dada. Mvua ikinyesha, hata Agosti, vijia vya msituni ni tope tupu.

Mwaka jana nilifika hapo. Nikaona daraja jeupe zuri mwisho wa bwawa, nikazunguka dakika ishirini kutafuta pa kupandia. Sikupata. Limefungwa? (Kaka wa Leicester)

Pole kaka, umeingia mtego wa miaka zaidi ya mia mbili. Hilo si daraja, ni uso wa daraja: mbao zilizopakwa rangi nyeupe na kusimamishwa ili mtu akiwa jumbani aone kana kwamba maji ni mto unaoendelea mbele, na si bwawa linaloishia pale. Wakati ule matajiri wa Uingereza walipenda bustani ionekane kama nchi iliyojiotea yenyewe, huku kila kilima na kila kundi la miti vimepangwa kwa hesabu. Jumba lenyewe lina hila hiyohiyo. Robert Adam, msanifu wa Kiskoti aliyelifanyia kazi kuanzia 1764 hadi 1779, aliongeza maktaba upande mmoja ili ilingane na chumba cha kukuzia michungwa kilichokuwa upande wa pili. Ukiingia humo, inua kichwa utazame dari. Mimi huwa nasahau kuwa kuna vitabu.

Mwalimu wetu alisema mwenye jumba hilo ndiye aliyefuta utumwa Uingereza, tena alimlea binti mweusi. Ni kweli? (Kidato cha sita, Tanga)

La binti ni kweli. La kufuta utumwa, mwalimu ametia chumvi.

Mwenye jumba alikuwa William Murray, Lord Mansfield, Jaji Mkuu wa Uingereza, aliyelinunua mwaka 1754. Mwaka 1772 ililetwa mbele yake kesi ya James Somerset, Mwafrika aliyeletwa Uingereza na bwana wake kutoka makoloni ya Amerika. Somerset alitoroka, akakamatwa, akafungwa pingu ndani ya meli ili akauzwe Jamaika. Mansfield aliamua kwamba bwana hana haki ya kumtoa mtu Uingereza kwa nguvu namna hiyo, na Somerset akaachiwa. Hukumu ilisimama hapo. Mashamba ya miwa ya Karibi yaliendelea kama kawaida, meli nazo zikaendelea. Waingereza walipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, na sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yao mengi ikapitishwa 1833. Soko la Zanzibar, unalolijua wewe na mimi, lilifungwa 1873, yaani miaka 101 baada ya Somerset kufunguliwa pingu.

Tena jaji huyohuyo, mwaka 1783, alisikiliza shauri la meli Zong, ambayo mabaharia wake walitupa baharini Waafrika zaidi ya 130 wakiwa hai, kisha wenye meli wakadai bima kana kwamba ni mizigo iliyopotea. Mansfield na wenzake waliagiza shauri lisikilizwe upya. Lakini lilikuwa shauri la bima mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kuua.

Sasa binti. Aliitwa Dido Elizabeth Belle, alizaliwa 1761. Mama yake, Maria Belle, alikuwa mtumwa mwenye asili ya Afrika. Baba yake, Sir John Lindsay, ofisa wa jeshi la majini, alikuwa mpwa wa Mansfield. Akalelewa Kenwood pamoja na binti mwingine wa ukoo, Lady Elizabeth Murray. Ipo picha yao wote wawili, ambayo sasa iko Scone huko Uskoti: Elizabeth ana kitabu mkononi, Dido amevaa kilemba chenye unyoya, amebeba matunda, amegusa shavu kwa kidole kama anayeijua siri yako.

Lakini kinachonisimamisha mimi kila nikipita bustanini ni maneno ya mgeni mmoja, Thomas Hutchinson, aliyekuwa gavana wa Massachusetts. Alikuja kula Kenwood mwaka 1779 na akaandika katika shajara yake kuwa binti mweusi aliingia baada ya chakula, akaketi na wanawake, na baada ya kahawa wakatoka kutembea bustanini, yeye na mwenzake wameshikana mikono. Soma tena: baada ya chakula. Mezani mbele ya wageni hakuwapo. Kwenye kahawa na kwenye vijia hivi unavyovikanyaga leo alikuwapo. Alisimamia kuku na maziwa ya nyumba, na mara nyingine aliandika barua ambazo mzee alizitamka. Katika wosia wake Mansfield alithibitisha kwamba Dido ni mtu huru. Unathibitisha uhuru wa mtu unapohofia kuna atakayeutilia shaka.

Nasikia bustani hiyo ilinunuliwa kwa hela ya pombe. Sisi tunaopumzika pale, inakuwaje? (Msomaji, London Mashariki)

Fatwa waulize mashehe, mimi nina historia tu. Familia ya akina Mansfield ilitaka kuuza ardhi ijengwe nyumba. Wakazi wakaja juu, wakachangishana, na eneo kubwa likaokolewa. Mfalme George V alilifungua 1925. Jumba na viwanja vilivyobaki vilinunuliwa mwaka huohuo na Edward Cecil Guinness, ndiyo, yule wa bia. Alifariki 1927, akaliachia taifa jumba na viwanja hivyo pamoja na sehemu ya picha zake, na 1928 milango ikafunguliwa. Ukiona uzito, tandika mkeka mbali na jumba, upande wa michango.

Mabwawa ya jumba yanaogeleka? (Bila jina)

Hapana. Bwawa la wanawake liko jirani, ndani ya Heath, na wanalipisha. Maji baridi, nimejaribu mara moja.

Ni kweli picha iliwahi kuibwa hapo? (Mpenda picha, Nairobi)

Kweli. Februari 1974 ilichukuliwa ile ya Vermeer ya msichana anayepiga gitaa. Mwezi wa tano ikakutwa kwenye uwanja wa kanisa katikati ya jiji, imefungwa kwa gazeti.

Nataka kuweka maua kwenye kaburi la Dido. Liko hapo? (Dada wa Birmingham)

Haliko, dada yangu. Dido aliondoka Kenwood mwaka 1793, mzee alipofariki. Akaolewa na John Davinier, akazaa wana watatu, akafa 1804. Alizikwa kwenye makaburi ya St George's Fields, karibu na Bayswater Road. Pale sasa kuna maghorofa ya kuishi. Usidanganywe na kile kijumba cha maziwa kilichoko Kenwood, kilijengwa baada ya yeye kuondoka. Ningekuwa wewe ningeyaweka kijiani, pale majani yanapoanza kuteremka.