Jibu kwa mwenyekiti aliyefuta picha ya "mwizi" kwenye kundi la jumuiya

Ndugu mwenyekiti, nimesoma swali lako na majibu ya wenzangu. Umesema kundi la WhatsApp la jumuiya yenu limejaa habari zisizo na mwenyewe, juzi mama mmoja akatuma picha ya kijana anayedaiwa kuwa mwizi, ukaifuta, na sasa unaambiwa unatetea wezi. Unauliza kama Ukristo una la kusema zaidi ya "hakikisha kabla ya kutuma", na kama umtoe huyo mama kundini. Mimi ni katibu wa jumuiya hapa Nakuru, upande wa Kaptembwo, na kundi letu nimelisimamia tangu lianzishwe.

Huko kuhakikisha wameshakueleza, sirudii sana. Ujumbe wenye mishale miwili juu yake umepita mikono mingi, na tangu Aprili 2020 WhatsApp hairuhusu ujumbe wa namna hiyo kutumwa zaidi ya mahali pamoja kwa wakati mmoja. PesaCheck na Africa Check huchambua uvumi unaozunguka Kenya. Watu wa Beroya katika Matendo 17:11 walimchunguza hata Paulo, na wanasifiwa kwa hilo, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba kuuliza ni kukosa imani.

Lakini kundi letu halikuumizwa zaidi na uongo. Liliumizwa na habari ya kweli.

Sisi pia tuliletewa picha. Kijana amesimama stejini ya bodaboda, chini yake maandishi: huyu ameiba mtungi wa gesi, ukimwona shughulika naye. Unajua "shughulika naye" maana yake nini mitaani kwetu. Mama yake kijana yumo kundini. Nilimpigia simu yeye kwanza, kabla sijagusa kitu, kwa sababu kufuta kunachukua sekunde, lakini mzazi kukutana na picha ile peke yake jikoni ni jambo jingine. Baadaye ikabainika kwamba kweli mtungi aliuchukua, wa kilo 6, kwenye ukumbi wa jirani, akauuza. Familia ikalipa mbele ya mzee wa Nyumba Kumi, jirani akaridhika, yakaisha. Isipokuwa picha ilikuwa imeshafika Njoro, na kinyozi aliyempa kijana kazi akamwambia asirudi.

Aliyeituma alipoulizwa alijibu, "Kwani nilisema uongo gani?" Na kwa kweli hakusema uongo. Amri ya nane inakataza kumshuhudia jirani uongo, naye aliona yuko salama kabisa. Katekista wetu ndiye aliyemfungulia Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477. Pale kuna makosa matatu, si moja: kumhukumu mtu haraka bila msingi wa kutosha, kumsingizia, na, hili ndilo lililotunyamazisha, kufichua makosa ya mtu kwa watu ambao hawakuyajua, bila sababu ya haki. Hilo la mwisho linafanyika kwa ukweli mtupu. Namba inayofuata inaagiza tuyapokee maneno na matendo ya mwenzetu kwa tafsiri njema kadiri inavyowezekana. Jaribu kuisoma hiyo halafu ufungue kundi lako wiki ya uchaguzi.

Tangu hapo swali langu la kwanza limebadilika. Sianzi na "ni kweli?" Naanza na "hii ni habari ya nani, na sisi inatuhusu nini?" Sehemu kubwa ya vitu huanguka hapo hapo, na huhitaji hata kubishana kuhusu ushahidi.

Angalia maombi, kwa mfano. Hapa ndipo Wakristo tumekuwa mabingwa. "Wapendwa, tumwombee dada yetu, ndoa yake inapitia majaribu, mume amehama nyumba." Amina thelathini, emoji za mikono ya sala, na ifikapo jioni mtaa mzima unajua. Dada mwenyewe hakuomba aombewe hadharani. Sisi tulikubaliana hivi: ombi la mtu linaletwa na mwenyewe, au na mtu aliyetumwa naye. La sivyo, ombea chumbani kwako, Mungu anayajua majina yote. Walionuna walikuwepo, na mmoja bado amenuna.

Papa Fransisko aliwahi kuandika kuhusu habari za uongo, katika ujumbe wake wa Siku ya Mawasiliano ya mwaka 2018, akarudi hadi kwa nyoka wa bustanini. Ukisoma Mwanzo 3 kwa makini utaona kwamba nyoka haanzi na uongo mtupu. Anauliza, eti Mungu amesema msile matunda ya miti yote? Mti uliokatazwa ulikuwa mmoja. Amechukua jambo lililopo, akalinyoosha kidogo. Picha nyingi za makundini ni za hivyo: tukio ni la kweli, ila mji si huu, au mwaka si huu.

Na kwetu Nakuru jambo hili si nadharia. Waliokuwa hapa Januari 2008 wanakumbuka SMS zilizokuwa zikiingia usiku, kabila fulani wanakuja, jiandaeni. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile za baada ya uchaguzi, ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima. Wakati huo kila SMS ilikula kredi, na bado watu walizituma. Leo bando la siku linatosha kutuma mia.

Sasa tahadhari, maana najua kuna watakaolichukua jibu hili wakafunikie mambo. Pesa za jumuiya zikipotea, wanajumuiya wana haki ya kujua, tena kwa hesabu iliyoandikwa. Mtoto akidhulumiwa, hiyo si siri ya familia wala ya kanisa: piga 116, nenda polisi. Mwanamke anapigwa? 1195. Huko ndiko ukweli unakopaswa kufika, kwa mtu mwenye uwezo wa kufanya jambo, na kundi la watu mia moja halina uwezo huo.

Wengine wamekushauri ufunge kundi, viongozi tu ndio waandike. Jumuiya ya jirani walifanya hivyo. Mazungumzo yakahamia kundi jingine lisilo na mwenyekiti wala katibu, na huko sasa hakuna wa kufuta.

Kuhusu huyo mama, usimtoe. Mathayo 18:15 iko wazi: kamwonye, wewe na yeye peke yenu. Usimwandikie, mpigie, au mpitie jioni, na usimjibu kule ndani hata akikuchokoza. Akikataa, rudi na mzee mmoja au katekista. Ikifika kumwondoa, ajue kutoka kinywani mwako kabla simu haijamwambia.

Na picha yenyewe: ukifuta kwa wote, inaondoka kwenye mazungumzo, lakini simu zinazopakua picha zenyewe huenda bado zinayo kwenye galari. Waombe wafute na huko, bila kutaja jina la kijana.